Mchuzi wa Mboga ya Pwani

Ukishuka kwenye mtumbwi pale kisiwani Kiomboni wakati bahari imekupwa, utapita uwanda wa chumvi kabla hujafika kwenye nyumba ya kwanza. Mikoko imeishia nyuma yako, minazi haijaanza, na katikati ni ardhi ya kijivu iliyopasukapasuka, isiyoota kitu ila mmea mmoja unaotambaa. Shina lake ni jekundu. Majani yake ni manene kama vidole vya mtoto mchanga, na ukiyaminya yanatoa maji. Maua yake ni madogo, ya rangi ya waridi, yanafunguka jua likishapanda kidogo na kufumba kabla ya alasiri, ndiyo maana watu wengi wanaopita hapo kila siku hawajui kama yana maua. Chuoni nilifundishwa kwamba jamii yake inaitwa Sesuvium na kwamba imetapakaa kwenye fukwe nyingi za nchi za joto. Watu wa Delta, huku mto unakomwagikia baharini, wanauita mboga ya pwani. Siku hizi walaji wake ni mbuzi.

Mwanamke aliyeitwa Sikudhani binti Kondo aliujua mmea huo kuliko mtu yeyote wa kisiwa chake, na ujuzi huo haukumletea jema lolote. Sehemu kubwa ya maisha yake haina la kusimulia. Alizaliwa hapo hapo, akaolewa na mkata boriti wa mikoko, akazaa watoto watatu wasioishi, na mumewe akaangukiwa na mti aliokuwa akiukata mwenyewe. Alibaki na nyumba, jiko, minazi minne na ulimi mkali. Hakuwa mtu wa kueleza. Jambo akilisema mara moja alitegemea limesikika. Mara ya pili alilisema kwa sauti kubwa, na mara ya tatu akalisema kwa matusi. Ninayotaka kuyaandika ni ya wiki chache tu, katika mwezi wa Rajabu mwaka 1906, wakati vita vya Maji Maji vilipokuwa vimekwisha huku kwetu na njaa yake ndiyo kwanza inaanza.

Vita vyenyewe Delta walivisikia zaidi kuliko walivyoviona. Mwaka uliotangulia, watu wa juu ya mto walikwenda kuchukua dawa. Waliokuja kuigawa vijijini waliitwa mahongo. Walibeba vibuyu vya maji yaliyochanganywa na mtama na mbarika, wakawaambia wanaume kwamba risasi za Wadachi zitageuka matone. Zilibaki risasi. Kisha askari wakapanda mto wakichoma mpunga shambani na mahindi darini, wakachukua kuku, wakachukua mbegu. Waliosalia wakaanza kuteremka kufuata mto, kwa sababu mtu mwenye njaa huamini kwamba kwingine kuna chakula.

Miongoni mwao alikuwa Mwamini, binti wa marehemu mdogo wake Sikudhani. Alikuwa ameolewa Ngorongo, mbali huko bondeni, na Sikudhani alikuwa hajamwona kwa miaka minane. Alifika mchana, miguu imepasuka, mgongoni amembeba binti yake Zabibu wa miaka minne, ambaye kwa uzito ungesema ana miaka miwili.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Mohamedi yuko wapi?"

Mwamini alimshusha mtoto, akakaa chini palepale mlangoni, na Sikudhani akaelewa kwamba mume hayupo na kwamba habari zake zisiulizwe. Alimtazama Zabibu. Miguu ya mtoto ilikuwa imevimba, ngozi ya mashavu inang'aa, nywele zimekuwa nyekundu. Sikudhani alikuwa amezika watoto watatu, na dalili hizo alizijua. Ndani ya nyumba alikuwa na muhogo mkavu wa siku sita kwa mtu mmoja, nazi kumi na moja, na samaki wa kubahatisha. Siku ile ile akajiambia kwamba mtoto huyu hatamzika.

Kwa hiyo akachukua kapu, akaenda uwandani kuchuma mboga ya pwani.

Mmea huu unakunywa maji ya chumvi na kuyahifadhi majanini. Ukiula mbichi ni kama kutafuna bahari. Ukiuchemsha mara moja, chumvi inahamia kwenye mchuzi, na mchuzi huo ukiunywa unakukausha koo, unakuharisha, na mwenye mwili uliokwisha nguvu unaweza kummaliza. Sikudhani alifundishwa na mama yake kuuchemsha mara tatu. Maji ya kwanza unamwaga, ya pili unamwaga, ya tatu unayaonja, na kama ulimi haulalamiki, ndipo unatia tui. Hapo inakuwa mboga laini, chachu kidogo, ya kushibisha. Gharama yake ni maji matamu. Kiangazi visima vya kisiwani vinaingia chumvi, na maji ya kunywa hufuatwa kwa mtumbwi juu ya mto, mahali ambapo bahari haifiki. Kupika mboga hiyo ni kumwaga mitungi ambayo mtu ameipigia kasia asubuhi nzima.

Siku ya kwanza Sikudhani alipika mwenyewe. Alichemsha, akaipua, akatoka nyuma ya jiko na kumwaga mchuzi wa kijani mchangani. Aligeuka akamkuta Mwamini amesimama nyuma yake, macho yamemtoka.

"Umemwaga mchuzi?"

"Haunyweki."

"Mchuzi wa mboga, mama mkubwa? Na mtoto huyu hajala tangu juzi?"

"Nimesema haunyweki. Maji ya kwanza yanamwagwa, ya pili yanamwagwa, ya tatu ndiyo ya kula. Kaa, ngoja."

Mwamini alirudi nyuma hatua moja, kama mtu aliyeona nyoka. Chakula kilipoiva alikula kidogo sana, akimtazama Sikudhani kwa pembe ya jicho. Zabibu alimwita shangazi kwa kukosea, akitafuta jina la kumwita mama huyu mkali asiyemjua, na Sikudhani akamsahihisha kwa ukali: "Mimi bibi yako." Huo ndio ulikuwa mwanzo wa mambo kwenda vibaya.

Siku ya pili Sikudhani alipomwaga mchuzi, aliona mchanga wa nyuma ya jiko haujalowa. Mwamini alikuwa ameficha bakuli chini ya michongoma, pale pale alipojua mchuzi utamwagwa, na nusu yake ilikuwa imeshaingia tumboni mwa Zabibu. Mtoto alikesha akilia kiu. Asubuhi alikunywa kata mbili nzima za maji matamu, na mchana alihara mpaka akalegea.

"Si nilikwambia?" Sikudhani alipiga kelele. "Si nilikwambia? Una masikio ya nini?"

"Anahara kwa sababu ya njaa," Mwamini alijibu kwa sauti ndogo, bila kumtazama. "Njiani wote walikuwa wanahara."

"Anahara kwa chumvi!"

"Mboga ni mboga. Kwetu tunakula mchunga, tunakula matembele, tunakula majani ya kunde. Mchuzi ndio wenye nguvu. Mgonjwa tunampa mchuzi, majani wanakula wazima."

Siku ya tatu Mwamini alihama jikoni. Alitafuta mafiga yake matatu, akayapanga nyuma ya nyumba chini ya mnazi, akaazima chungu kwa jirani, akachuma mboga yake mwenyewe. Alipika mara moja, mchuzi na majani, akala na mwanawe. Hakuwa mkorofi. Alifagia uwanja wa Sikudhani kila alfajiri, akakwangua nazi, akateka maji ya kufulia kisimani. Lakini chungu cha Sikudhani hakukigusa tena, wala hakuruhusu mtoto akiguse.

Wengine waliotoka juu walikuwa wamejenga vibanda vya makuti pembezoni mwa kijiji, kama watu thelathini hivi. Nao walikuwa wameona mboga ya pwani, nao walikuwa wanachemsha mara moja na kunywa mchuzi. Sikudhani akawaendea. Nadhani hapo ndipo alipokosea zaidi, kwa sababu alikwenda na hasira ya nyumbani kwake. Alisimama katikati ya vibanda, kapu kiunoni, akapaza sauti: "Nyie watu mtakufa! Sikilizeni! Maji ni matatu! Maji ya kwanza mwageni, ya pili mwageni, maji ya tatu ndiyo ya uzima!"

Watu walimtazama. Mwanamke mmoja alimfunika mwanawe kanga usoni. Mzee mmoja aliinuka taratibu, akaingia kibandani na kushusha mkeka mlangoni. Halafu wengine wote wakafanya hivyo hivyo, mmoja mmoja, mpaka Sikudhani akabaki amesimama peke yake na kapu lake.

Alirudi nyumbani. Jirani yake Mwanabaraka, mwanamke mnene mwenye kicheko, aliyekuwa anasuka ukili kibarazani kwake, alikwisha pata habari.

"Hongo wetu huyo amerudi!" aliita. "Haya, bibi, na sisi tupake. Mimi nina kinena kinauma."

"Niache, Mwanabaraka."

"Nikuache vipi na kijiji kizima kimesikia? Maji ya uzima! Mwenzangu, hukupata neno lingine?"

"Maji ni maji! Nitayaitaje? Nimesema wamwage, sikusema wanywe!"

"Kwani wao wamesikia 'mwaga'? Wamesikia 'maji', wakasikia 'ya kwanza', 'ya pili', 'ya tatu'. Yule mtu wa vibuyu si alihesabu vile vile?" Mwanabaraka aliacha kucheka, akavuta ukili. "Waume zao wako wapi sasa hivi, shoga? Hebu fikiri."

Sikudhani hakutaka kufikiri. Alitaka kusikilizwa. Aliona jambo jepesi kama kuosha mikono, jambo ambalo mtoto wa Delta wa miaka saba analijua, na mbele ya jambo hilo watu wazima wanashusha mikeka. Jioni ile alimwona Mwamini akipuliza moto chini ya mnazi, na Zabibu amelala ubavuni, tumbo juu, akipumua kwa mdomo. Alitia mikono kichwani, akaingia ndani.

Keshoye alifika Jumbe Sadala. Alikuwa mtu mwembamba, mwoga, mwenye kanzu safi, na hakuwa mtu mbaya. Alikataa kiti.

"Bi Sikudhani, nimesikia unagawa maji."

"Nagawa nini?"

"Maji. Matatu."

"Mboga, Jumbe! Nawaonyesha mboga!"

"Polepole." Jumbe aliangalia nyuma. "Mimi najua ni mboga. Wewe unajua ni mboga. Akida naye akielezwa atajua. Lakini akida akija anakuja na askari, na askari yule si mtu wa huku. Kiswahili chote hakijui. Neno analolijua ni hilo moja."

"Neno gani?"

"Hilo."

"Maji?"

"Astaghfirullah, mwanamke, si nimekwambia polepole! Juzi wamemfunga mtu kwa kibuyu kitupu. Kitupu! Amejitetea kwamba ni cha pombe, na yeye ni Mwislamu, wakamchapa kwa yote mawili."

"Basi nisemeje?"

Jumbe Sadala alifikiri. "Sema mchuzi."

"Mchuzi ndio wanaoutaka! Nikimwambia mtu mwenye njaa mwaga mchuzi, atamwaga?"

"Sema kitu kingine, basi. Au usiseme. Kwani lazima useme?"

"Mtoto wa mwanangu anakufa nyuma ya nyumba yangu, Jumbe. Nenda kamwangalie."

Jumbe hakwenda. Alisimama akichora mchanga kwa fimbo. "Hesabu ndiyo mbaya zaidi," alisema mwishoni. "Ya kwanza, ya pili. Usihesabu. Na usiwakusanye watu. Ukiwakusanya tena, mimi mwenyewe itabidi niseme, kwa sababu nisiposema watasema nami nilikuwemo." Alipofika njiani aligeuka, akaongeza kwa upole kabisa, "Nisalimie mgonjwa."

Nimejaribu mara nyingi kumfikiria Sikudhani katika siku zilizofuata. Kuna uchungu wa kutokujua, nao watu wameuandika sana. Kuna na uchungu wa kujua na kukosa neno la kulisemea unalolijua, na huu hauna heshima yoyote, maana anayeuona kwa nje anamwona mtu mkali tu anayebamiza vyungu. Alijaribu kumwonyesha Mwamini kwa vitendo, akamwaga mchuzi mbele yake kwa makusudi, na Mwamini akageuza uso. Alijaribu kumwiba mtoto ampe chakula chake, na Zabibu, aliyekwisha fundishwa, akafunga mdomo na kutikisa kichwa. Alijaribu kusema "toa chumvi", Mwamini akajibu kwamba chumvi ni nzuri, kwao haipatikani, Mungu awazidishie watu wa pwani. Katika vibanda walizika watoto wawili wiki ile. Watu wakasema ni njaa. Na njaa ilikuwemo kweli, usingeweza kuwabishia.

Siku ya kumi na mbili Zabibu hakuinuka. Macho yalikuwa yameingia ndani, midomo imepasuka, na ukimvuta ngozi ya tumbo inabaki imesimama. Mwamini alikuwa amechuma mboga mapema, maua yakiwa hayajafunguka, na sasa chungu kilikuwa kinatokota. Alikuwa ameshika upawa, anapoza mchuzi kwa kuupuliza, mtoto amemlaza mapajani.

Sikudhani alitoka na ufagio mkononi. Aliuona upawa unakwenda mdomoni mwa mtoto. Hakusema lolote, kwa kuwa alikwisha yasema yote. Alitupa ufagio, akaupiga upawa ukaruka, akakipiga chungu teke. Kilipinduka, mchuzi ukasambaa mchangani, majani yakalala juu ya majivu.

Kupindua chungu cha mwanamke mwenzio ni tusi ambalo kwetu limetenganisha watu maisha. Mwanabaraka, aliyekuwa anaanika ukili, alisimama mdomo wazi. Hata kicheko hakikumjia.

Mwamini hakupiga kelele. Alimlaza mtoto kwenye kanga, akatazama mikono yake mwenyewe.

"Mimi ndiye niliyempaka," alisema.

"Ulimpaka nani?"

"Mohamedi. Hongo alipokuja alitupa maji, akatuhesabia. Ya kwanza ya kunywa, ya pili ya kujipaka kifuani, ya tatu ya kunyunyiza mlangoni ili arudi. Alisema apakwe na mkewe. Mohamedi hakutaka. Alisema haya ni maji ya bwawani, naona hata kiluwiluwi. Mimi ndiye niliyemlazimisha. Nilimwambia wenzako wote wamepaka, utanitia aibu." Aligeuza viganja juu. "Nilimpaka vizuri sana, mama mkubwa. Sikuruka mahali. Halafu tukafika kwako, na siku ya kwanza nakukuta na chungu, unasema ya kwanza, ya pili, ya tatu."

Sikudhani alikaa chini. Alikaa palepale mchangani, kwenye unyevu wa mchuzi, kanga yake ikalowa. Siku kumi na mbili alikuwa akimwita mtoto wa mdogo wake kichwa kigumu.

Kisha Mwamini, kwa ile tabia ya mtu aliyekaa na njaa muda mrefu, akaanza kuokota majani yaliyomwagika, akiyapangusa majivu moja moja na kuyaweka kwenye kifuu. Alilamba kidole.

"Umemwaga chumvi yote," alisema kwa masikitiko. "Hata ungeniambia. Kwetu tungeichuja."

Sikudhani alitaka kumkatiza, kama kawaida yake. Sijui ni nini kilimzuia, pengine ni uchovu tu. Akauliza, na nadhani lilikuwa swali lake la kwanza la kweli tangu Mwamini afike:

"Mngechuja vipi?"

"Kama tunavyochuja chumvi ya matete."

"Chumvi ya matete ni nini?"

Mwamini alimtazama kwa mshangao. Mtu mzima asiyejua chumvi inatoka wapi! "Huko kwetu bahari hakuna, mama mkubwa. Tunakwenda bwawani, tunakata matete, tunayakausha, tunayachoma. Majivu yake tunayatia kwenye chungu kilichotobolewa chini, kingine tunakitega kwa chini yake. Unamimina juu, kinadondoka chini. Kile kinachodondoka unakichemsha mpaka kikauke, inabaki chumvi. Nyeusi nyeusi, lakini chumvi." Sauti yake ilikuwa imebadilika. Kwa mara ya kwanza alikuwa anasema kama mwenye nyumba. "Mimi kijijini kwetu nilikuwa nasifiwa kwa kuchuja. Wengine wanaharakisha, chumvi yao inakuwa na majivu."

"Na yale majivu ya juu?"

"Tunatupa. Hayana kitu."

"Hayana chumvi hata kidogo?"

"Ukiyalamba ni udongo. Imeshuka yote na tone. Labda kama umemimina mara moja tu, hapo inabaki kidogo. Sharti urudie. Mara ya pili, mara ya tat..."

Mwamini aliacha neno njiani. Alitazama majani yaliyokuwa kwenye kifuu. Alitazama mchanga uliolowa. Alichukua jani moja akalitafuna taratibu, uso umekunjamana, halafu akamtazama Zabibu aliyekuwa akilamba midomo yake mikavu.

Sikudhani alikuwa ameuma meno. Maneno yalimjaa mdomoni mpaka kooni, na kila moja lilianza na "si nilikwambia". Alijikaza. Alipenda kusema baadaye, alipokuwa mzee, kwamba katika maisha yake amezaa mara tatu, na kwamba kunyamaza kule kulikuwa kugumu kuliko kuzaa.

"Mtungini yamebaki kiasi gani?" Mwamini aliuliza. Hakutaja jina la kilichobaki.

"Nusu. Chukua yote. Nitakwenda kuteka mengine bahari ikijaa."

Kwanza Mwamini alimnywesha mtoto, kidogo kidogo, kwa kifuu. Ndipo akakiinua chungu, akaangalia kama hakijapasuka, akakiteleka tena. Alichemsha majani. Alipoipua, Sikudhani alinyoosha mkono akipokee akamwage.

"Usimwage!"

"Nisimwage?"

"Niletee chungu kingine. Hiyo ni chumvi."

Pwani nzima ni chumvi. Imelala uwandani nyeupe kama unga, mtu anaikwangua kwa kifuu, na hakuna mwanamke wa Kiomboni tangu dunia iumbwe aliyewahi kuhangaika kuipika kutoka kwenye majani. Sikudhani alizitazama zile kuni zinazokwenda kuungua bure. Akaenda akaleta chungu.

Mwamini akamimina mchuzi wa kwanza humo, kwa uangalifu, bila kudondosha. Akachemsha mara nyingine, akamimina tena humo humo. Mara ya tatu alionja mwenyewe, akaonja tena, kisha akakwangua nazi. Kile chungu cha pili alikiweka kwenye moto wa pembeni kikauke. Hakuhesabu kwa sauti, wala Sikudhani hakuhesabu. Kwenye vibanda watu walikuwa wametoka nje kwa sababu ya kelele za chungu, na mwanamke mmoja aliyemfahamu Mwamini tangu njiani akasogea, akauliza anafanya nini. "Nachuja," Mwamini alimjibu. Yule akatikisa kichwa kwamba ameelewa, akasogea karibu zaidi aone. Hakuna aliyeshusha mkeka.

Mwanabaraka alikuja hadi kwenye ukuta wa makuti. "Kumbe ni kuchuja!" alimnong'oneza Sikudhani. "Mwenzangu, si ungesema hivyo tangu mwanzo? Ona mtoto wa watu alivyoeleza kwa neno moja!"

Sikudhani alimtazama kwa jicho ambalo Mwanabaraka alilisimulia miaka ishirini.

Sikudhani alipata taabu nyingine baadaye, lakini si ya kuandikwa hapa. Mboga ile kwenye vibanda iliitwa mboga ya Mwamini, na mpaka njaa inakwisha walioipika kwa mtindo huo walisema wamefundishwa na mtu wa Ngorongo. Sikudhani alisikia, akabamiza vyungu vyake.

Siku ile mchana Mwamini alimwinua Zabibu, akamwegemeza kifuani, akampa tonge dogo la mboga iliyotiwa tui. Mtoto aliligeuzageuza mdomoni. Sikudhani alikuwa amepiga magoti mbele yake, mikono mapajani. Zabibu alimeza. Akakunja uso, akamtazama yule mwanamke mkali.

"Bibi," alisema, "haina chumvi."

Mwamini alifuta mdomo wa mtoto kwa ncha ya kanga. "Ngoja kidogo, mama," alimwambia, akatazama chungu cha pembeni. "Chumvi bado iko jikoni."